Kabla ya Jembe la Kwanza

Kila chama cha ushirika na kila tawi la wafanyakazi lina watu wake hodari wa kuanza. Shauri la kununua mashine ya kusaga likitolewa Jumatatu, Ijumaa fedha zimekwisha kukusanywa, na mashine hufika kabla hajaulizwa fundi atakayeitengeneza ikiharibika. Hatuwalaumu kwa bidii yao. Lakini twataka wakumbuke Kongwa.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, akatoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa matrekta katika Tanganyika. Serikali yake ikatuma wajumbe 3, wakiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo nchini humo. Kwa majuma machache wakazunguka, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka katika ndege. Kisha ukaandikwa mpango wa ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya paundi milioni 24.

Je, udongo wa Kongwa ulipimwa ipasavyo? Mvua zilihesabiwa kwa miaka mingapi? Mzee yeyote wa Kigogo angaliweza kuwaambia kwamba nchi ile hukumbwa na ukame mara kwa mara, na kwamba wenyeji hawakuchagua uwele na mtama kwa ujinga. Udongo wake una mfinyanzi. Jua likiwaka huwa mgumu kama sakafu, na karanga zilizo chini hazing'oki. Matrekta nayo yalikuwa makuukuu, mengine mabaki ya vita kutoka Ufilipino, yakafika kabla ya karakana kuwa tayari. Mwaka 1947 zilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Wako wasemao kwamba kosa lilikuwa la mitambo. Sisi hatukubali. Uchunguzi na kazi vilianzishwa pamoja, hata uchunguzi ulipoleta habari mbaya hapakuwa na mtu wa kusema, "Ngojeni." Mwenye madaraka alikuwa Waziri wa Chakula, John Strachey, naye alikuwa London, amekwisha kuusifu mpango mbele ya Bunge. Januari 1951 ukavunjwa, na zaidi ya paundi milioni 35 zikapotea. Hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa.

Reli nyingine ilianza kwa namna tofauti. Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mkataba wa reli ya TAZARA Septemba 1967, lakini ujenzi haukuzinduliwa mpaka Oktoba 1970. Kati ya hapo wapimaji walipita porini kwa miguu, wakipima mito na miinuko, na masharti ya mkopo yakaandikwa. Kilomita 1,860 zikatandikwa, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa. Mengi yameisumbua baadaye katika uendeshaji, lakini hayo ni mazungumzo mengine.

Basi halmashauri itakayokaa juma lijalo juu ya mashine ya kusaga na idai kwanza karatasi moja: wateja ni wangapi, nguvu ya kuiendesha yatoka wapi, fundi ni nani, na nani mwenye amri ya kusimamisha kazi. Mpaka karatasi hiyo isomwe mkutanoni, fedha zikae kwa mweka hazina.