Lipu ya saruji haikaushi ukuta wa Mji Mkongwe

Swali hili nimeshalichoka: "Kwa nini Mamlaka ya Mji Mkongwe itunyime kibali cha kupiga lipu ya saruji, na kila mtu anajua saruji ina nguvu kuliko chokaa?" Huniuliza wenye nyumba, huniuliza wapangaji, na kibaya zaidi huniuliza mafundi. Wengi wao wanaamini masharti yamewekwa ili watalii wapate cha kupiga picha. Hata asingekuja mtalii mmoja Unguja, saruji katika kuta hizi ningeipinga vilevile.

Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo, na unene wake aghalabu hufika nusu mita au zaidi. Jiwe la matumbawe lina matundu; linafyonza maji ya ardhini na ya mvua. Chokaa inayapitisha yatoke. Masika ukuta unalowa, kiangazi unakauka, na nyumba imeishi hivyo miaka mingi. Ukiufunika kwa saruji, maji hayaachi kuingia, maana hayakuwa yakiingilia kwenye lipu: yanatoka chini ya msingi, yanatoka kwenye paa linalovuja na mlizamu uliovunjika. Ulichoziba ni njia yao ya kutokea. Kwa hiyo yanapanda. Unyevu uliokuwa ukiishia magotini unafika kifuani, na hapo mwenye nyumba humwita fundi aongeze saruji juu ya saruji!

Hiyo nguvu inayosifiwa ndiyo balaa yenyewe. Nyumba ya mawe na chokaa hujongea kidogo kidogo kwa joto na kwa uzito wake, na lipu laini hujongea nayo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe inaloshikilia, kwa hiyo hupasuka, maji ya mvua yakapenya kwenye ufa, kisha ikabanduka na uso wa jiwe. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole: unalia kitupu. Bandua kipande, utakuta nyuma yake unga mweupe wa chumvi na jiwe linalomomonyoka ukiligusa.

Hilo bado ni jambo dogo. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na vichwa vya boriti vimezikwa ukutani. Ukuta usiokauka huozesha vichwa hivyo mahali usipopaona, na mchwa hufuata. Ukiwa chumbani unaona boriti nzima, imepakwa rangi, inapendeza. Chukua bisibisi, ichomeke pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama kwa mkono tu, ondoa watu chini ya dari hiyo leo.

Kuna wanaonitajia Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu 2, eti ni ushahidi kwamba ujenzi wa kale ni dhaifu. Jengo hilo lilikuwa limeshaanguka sehemu ya baraza na paa lake mwaka 2012; lililoporomoka 2020 ni jengo lililokuwa limeshaharibika. Kulitaja kama hoja ya kununua saruji ni kuwakosea marehemu. Anayetaka ushahidi wa nguvu ya chokaa aende Kilwa Kisiwani akautazame Msikiti Mkuu, wenye kuba na matao ya mawe na chokaa yaliyosimama tangu karne nyingi kabla saruji ya Portland haijasajiliwa Uingereza mwaka 1824.

Ya kufanya, basi. Anza juu: paa, milizamu, mabomba ya chooni. Omba kibali kabla fundi hajashika nyundo, na uambatanishe picha za kila ukuta. Ombi lisilo na picha wala maelezo ya vifaa ndilo linalochelewa. Saruji ya zamani ibanduliwe kwa patasi na mkono, si kwa mashine. Uache ukuta wazi kiangazi kizima ukauke. Tumia chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, ipigwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka linyunyiziwe maji lisikauke haraka. Linda macho yako, chokaa inaunguza. Malizia kwa kupaka chokaa, si rangi ya plastiki, ambayo inaziba kama saruji. Boriti iliyooza ibadilishwe moja moja, dari ikiwa imeegemezwa. Fundi anayekwambia kazi hii itaisha kwa siku tatu, mwambie aende zake.

Na kama fedha zinatosha jambo moja tu mwaka huu, tengeneza paa kabla ya masika. Lipu inaweza kusubiri.