Bahasha Ndani ya Bahasha: Safari ya Kumbukumbu za Chanjo kutoka Ngorongoro hadi Karatu

Mama anayeishi Endulen, katika Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, anapokwenda Karatu kukaa na ndugu zake, humbeba mtoto pamoja na kadi yake ya kliniki. Kadi hiyo ikiloa mvua au ikisahaulika nyumbani, muuguzi atakayempokea Karatu hukabiliwa na swali moja zito: mtoto huyu amekwisha kupata chanjo zipi, na lini?

Swali hilo ni miongoni mwa sababu za kuhamishia kumbukumbu za chanjo katika kompyuta. Mkoa wa Arusha, wenye wilaya za Karatu na Ngorongoro, ndio ulioanza nchini kutumia rejesta ya kielektroniki ya chanjo chini ya mpango wa BID, ulioanzishwa mwaka 2013 kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na shirika la PATH. Hata hivyo, kuwa na kompyuta ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kituo kimoja kinafika kituo kingine kikiwa kamili.

Kumbukumbu ya mtoto si mstari mmoja wa maandishi. Mtoto hupata BCG na matone ya polio anapozaliwa. Hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kisha hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na miezi 18. Kwa hiyo mtoto mmoja ana mahudhurio mengi, hudhurio moja huweza kuwa na chanjo kadhaa, na kila chanjo ina tarehe na namba ya toleo lake. Ndani ya programu, taarifa hizo hukaa kama bahasha: bahasha kubwa ni ya mtoto, ndani yake zimo bahasha za mahudhurio, na ndani ya kila hudhurio zimo za chanjo.

Mtandao hausafirishi bahasha za namna hiyo. Kwanza programu huzifungua na kuyaandika yaliyomo kwa mfuatano wa herufi, mara nyingi kwa mtindo uitwao JSON. Kompyuta ya upande wa pili huusoma mfuatano huo na kuzijenga bahasha upya. Shirika la HL7, lililoanzishwa mwaka 1987, limetunga kanuni za FHIR ili mifumo ya afya ielewane katika kazi hiyo.

Makosa matatu hutokea hapa, na yote huweza kupita bila kelele.

La kwanza ni kuandaa bahasha ya nje na kusahau kuandaa za ndani. Jina la mtoto hufika, lakini mahudhurio hayafiki. Mtoto asiye na kumbukumbu huhesabiwa kuwa hajachanjwa, naye huchomwa tena sindano asiyoihitaji.

La pili ni kutumia bahasha moja kwa mahudhurio yote. Programu hujaza hudhurio la wiki ya 6, kisha huandika la wiki ya 10 juu yake, halafu la wiki ya 14. Orodha huonyesha mahudhurio matatu, lakini yote hubeba tarehe ya mwisho. Muuguzi huona dozi tatu za pentavalenti katika siku moja, ilhali dozi hizo hupaswa kutengana kwa wiki nne au zaidi. Tiba ya kosa hili ni kuunda bahasha mpya kwa kila hudhurio, kuijaza, kisha kuitia katika bahasha ya mtoto.

La tatu ni kuchanganya bahasha tupu na bahasha isiyokuwepo. Orodha tupu ya madhara baada ya chanjo husema: mzazi aliulizwa, na hakuna lililoonekana. Orodha isiyokuwepo husema: hakuna aliyeuliza. Mfumo usiotofautisha mambo hayo mawili hugeuza kimya kuwa ushahidi.

Watunzi wa programu wanaweza kuyabaini makosa haya mapema. Mfumo na ujaribiwe kwa mtoto mwenye mahudhurio mengi, mwenye hudhurio moja, na mchanga ambaye bado hana hata moja. Dozi zihesabiwe kabla ya kutumwa, zihesabiwe tena zikipokelewa, na kila tarehe ilinganishwe.

Mhudumu wa afya naye ana sehemu yake. Aandike chanjo siku ileile ilipotolewa, asibuni tarehe ili kujaza nafasi, na anapoona tarehe zinazofanana kwa dozi tofauti, alinganishe na kadi kabla ya kuamua lolote, kisha atoe taarifa kwa wanaosimamia mfumo.

Mzazi aitunze kadi mahali pakavu, aende nayo kila safari, na amwombe muuguzi amsomee kilichoandikwa. Mama anayekumbuka kwamba mwanawe alichanjwa mara tatu, katika miezi tofauti, anaweza kuligundua kosa ambalo kompyuta imelipitisha. Mtoto wa Endulen anastahili kufika Karatu akiwa na historia yake yote, si jina lake peke yake.