Mwanao anataka kusomea jenetiki? Soma haya kwanza

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wazazi wa watoto waliofanya vyema huanza kutaja kozi wanazozijua: udaktari, uanasheria, uhandisi. Kijana akitaja kozi isiyokuwamo katika orodha hiyo, maswali huanza. Mojawapo ya kozi hizo ni jenetiki. Mzazi anayekuja kwangu kupimwa shinikizo la damu hubaki kitini dakika chache baada ya kuandikiwa dawa, kisha husema: "Daktari, huyu mtoto ana alama nzuri. Kwa nini asisomee udaktari? Hii jenetiki itamlisha?"

Ni swali la haki. Karo ni pesa nyingi, na miaka minne ya ujana hairudi. Leo nitaeleza somo hili linahusu nini, linafundishwa vipi chuoni, na aliyelisoma anaweza kufanya kazi gani. Nitaeleza pia kwa nini daktari wa kawaida kama mimi, ambaye kazi yake ni kutibu kikohozi, malaria na kisukari, anawahitaji sana watu hawa.

Jenetiki ni nini?

Wazee wetu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Walikuwa wameona kwamba watoto hufanana na wazazi wao. Jenetiki ni elimu inayouliza jambo hilo hutokeaje, na kwa nini wakati mwingine wazazi wawili wenye afya njema humpata mtoto mgonjwa.

Miili yetu imejengwa kwa seli. Ndani ya kiini cha seli mna nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu. Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Nyuzi hizo zimebeba DNA, ambayo ni kama kitabu cha maagizo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Sehemu ya kitabu hicho yenye agizo fulani huitwa jeni.

Aliyeweka msingi wa elimu hii alikuwa mtawa kwa jina Gregor Mendel. Alipanda minji katika bustani ya monasteri mjini Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Aliipanda kwa miaka kadhaa, akahesabu maelfu ya mimea na mbegu, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1866. Wanasayansi wengi hawakumjali hadi mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake. Mwaka 1953, James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA, wakitegemea kwa sehemu kubwa picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin. Mwaka 2003 ikatangazwa kwamba mradi wa kimataifa wa kusoma DNA ya binadamu umekamilika, ingawa sehemu chache zilizosalia zilisomwa miaka ya baadaye.

Hebu tazama alichofanya Mendel. Hakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Alihesabu. Hii ndiyo sababu kijana anayeyakimbia mahesabu akidhani kwamba jenetiki ni kukariri biolojia atashtuka muhula wa kwanza.

Mfano kutoka hapa kwetu

Ili mzazi aone faida ya elimu hii, nitachukua ugonjwa mmoja ambao familia nyingi za Nyanza, Magharibi na Pwani zinaujua vizuri. Ni ugonjwa wa selimundu.

Mtu mwenye ugonjwa huu ana kasoro katika jeni inayotoa agizo la kutengeneza himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Katika maandishi marefu ya DNA, ni herufi moja tu iliyobadilika. Lakini kwa sababu ya herufi hiyo, chembe nyekundu za damu ambazo kwa kawaida ni za mviringo hujikunja kama mundu. Huziba mishipa midogo na kuvunjika mapema. Mtoto hupungukiwa damu, hupata maumivu makali ya mifupa, na hushikwa na maambukizi kwa urahisi.

Kwa nini ugonjwa huu upo sana kando ya Ziwa Victoria na Pwani, na ni nadra kwa watu wa nyanda za juu? Jibu lilipatikana papa hapa. Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, Uingereza, alikuja na msafara wa utafiti akapima damu za watu wa jamii mbalimbali. Aliona kwamba karibu na ziwa na Pwani, katika jamii kadhaa zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na jeni moja ya selimundu. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata mtu mmoja kwa kila 100. Allison akatambua kwamba ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Miaka mingi baadaye, watafiti wa Kilifi walithibitisha kinga hiyo kwa kuwafuatilia watoto wa huko. Jeni inayomwua mtoto aliyerithi mbili, humwokoa yule aliyerithi moja. Ndiyo maana haikupotea.

Nani alaumiwe?

Sasa twende nyumbani. Mume na mke wote wana afya. Wanampata mtoto mwenye selimundu. Mara nyingi lawama humwangukia mama. Ataambiwa ameleta ugonjwa katika ukoo, au amerogwa, au mtoto si wa mumewe. Nimeona ndoa zikivunjika kwa maneno haya.

Jenetiki inasema hivi: ili mtoto apate selimundu ya aina iliyo ya kawaida hapa kwetu, lazima arithi jeni yenye kasoro kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Wazazi wote wawili huwa wameibeba bila kujua. Kwa wazazi kama hao, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, 2 kati ya 4 kwamba ataibeba jeni moja kama wazazi wake, na 1 kati ya 4 kwamba hataibeba kabisa.

Lielewe vizuri neno "kila mimba". Wengine hudhani kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata wamesalimika. La. Ni kama kurusha shilingi: ikiangukia upande wa kichwa leo, kesho haikumbuki iliangukaje jana.

Kuyaeleza haya kwa watu wawili wenye uchungu, bila kuwaogofya wala kuwahukumu, huchukua saa nzima. Mimi nina foleni ya wagonjwa nje. Wataalamu ambao kazi yao hasa ni kuzishauri familia kuhusu magonjwa ya kurithi ni wachache sana nchini. Pengo hilo ndilo linalonifanya nifurahi ninaposikia kijana anataka kusomea jenetiki.

Miaka minne chuoni

Hapa Kenya si vyuo vingi vinavyotoa shahada inayoitwa jenetiki kwa jina hilo. Wanafunzi wengi huifikia kupitia shahada za sayansi katika biolojia, biokemia au bioteknolojia, kisha huchagua masomo ya urithi ndani yake. Shahada hizi kwa kawaida huchukua miaka minne, ilhali udaktari huchukua sita. Wastani wa C+ katika KCSE ndio mlango wa chuo kikuu, lakini kijana anahitaji alama nzuri zaidi katika biolojia, kemia na hisabati.

Mipango ya vyuo hutofautiana, ila safari yenyewe huwa karibu hivi. Mwanzoni husomwa kemia, biolojia ya seli na takwimu. Baadaye huja kanuni za urithi, na mara nyingi mwanafunzi huwazalisha nzi wadogo wa matunda na kuhesabu rangi za macho yao. Nzi hao hutumiwa kwa sababu huzaana haraka. Kisha hujifunza kuitoa DNA katika damu au jani, na kuitumia mashine ya PCR, inayonakili kipande kidogo cha DNA mara mamilioni. Wakenya wengi walilisikia jina hilo mwaka 2020 walipokuwa wakipimwa Covid-19. Siku hizi kuna pia kazi kubwa ya kompyuta, kwa kuwa DNA ya mtu mmoja ina herufi zipatazo bilioni 3, na hakuna anayeweza kuzisoma kwa macho. Mwaka wa mwisho huwa na mradi wa utafiti.

Kazi iko wapi?

Hospitali ni sehemu moja tu. Mwaka 2011 mahindi ya wakulima wa Bomet yalianza kukauka kabla ya kukomaa kwa ugonjwa mpya wa virusi. Kutafuta mbegu inayostahimili ugonjwa wa aina hiyo ni kazi ya wanajenetiki wa mimea, kama wale wa shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Wapo wanaochunguza vimelea vya malaria vinavyozizoea dawa katika taasisi ya KEMRI, na wapo wanaosaidia kutambua nyama ya wanyamapori waliowindwa kinyume cha sheria.

Kuna pia kazi ya kuwarudishia watu wafu wao. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Mingi haikuweza kutambulika kwa sura. Ilibidi DNA ya miili hiyo ilinganishwe na ya jamaa waliojitokeza, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Aliyesubiri karibu mwaka mzima ili amzike nduguye hawezi kuuliza jenetiki ina faida gani. Atauliza kwa nini wataalamu na vifaa ni haba.

Tiba nazo zinabadilika. Majaribio yaliyofanywa katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, na kutangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba dawa ya hidroksiurea huwapunguzia watoto wenye selimundu maumivu, malaria na vifo. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri jeni za mgonjwa wa selimundu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtoto wa Homa Bay au Kwale hataifikia kwa bei hiyo. Bila wataalamu wetu wenyewe wa kutafuta njia nafuu, tutabaki kuzisoma habari hizi magazetini.

Mambo ya kutahadhari

Hata hivyo, mzazi asidanganywe. Kwanza, mwenye shahada ya jenetiki si daktari. Haruhusiwi kumtibu mgonjwa wala kumwandikia dawa. Kijana ambaye moyo wake uko kwa mgonjwa kitandani aombe udaktari, uuguzi au utabibu.

Pili, maabara za hospitali zina bodi yake inayowasajili wafanyakazi. Shahada ya jumla ya biolojia au jenetiki haimpi mtu kibali hicho moja kwa moja. Anayetaka kupima damu hospitalini aulize masharti ya bodi kabla ya kuchagua kozi, asingoje hadi ahitimu.

Tatu, shahada ya kwanza mara nyingi haitoshi. Kazi nyingi za utafiti na za kushauri familia hudai shahada ya uzamili. Ufadhili wa masomo hayo hupatikana, lakini hupewa wanaojibidiisha na kuutafuta mapema.

Nne, kazi hii hutaka mtu wa kutunza siri. Kipimo cha urithi kinaweza kufichua kwamba baba si baba. Asiyeweza kuuzuia ulimi wake asiikaribie.

Ushauri kwa mzazi

Kabla hujasema ndiyo au la, kaa na mwanao mpate majibu ya maswali haya. Je, anapenda hesabu na kazi ya maabara inayorudiwa mara nyingi bila kuchoka? Chuo anachokitaka kina maabara inayofanya kazi, au vitabu tu? Idara huwapeleka wanafunzi wapi kwa mafunzo ya kazini? Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa? Nendeni chuoni mkaulize, wala msitegemee maneno ya kijitabu cha matangazo.

Majibu yakiwa mazuri, mwache aende. Hajaukosa udaktari. Amechagua kazi nyingine, na sisi madaktari tunamsubiri. Ila wewe mwenyewe usimsubiri ahitimu. Ikiwa kwenu kuna selimundu na unapanga kuoa, kuolewa au kupata mtoto mwingine, nenda hospitalini na mwenzako mkapimwe damu. Nendeni wawili, kwa maana kama mlivyoona, swali hili halijawahi kuwa la mmoja.