Mwepesi wa kuamua si lazima awe mwepesi wa kuhukumu

WAPO watu ambao ukikaa nao dakika tano tu, tayari wamekupima, wamekupa jina na kulifunga jalada lako. Wapo pia wale ambao hata baada ya mwaka mzima bado husema, "Ngoja kwanza tumsikie." Je, mtu huzaliwa hivyo au hufanywa hivyo na maisha?

Hili si swali la wasomi peke yao. Hapa Burundi, zaidi ya watu 500,000 walirejea katika miaka iliyofuata 2002, wengi wao kutoka Tanzania. Wengine zaidi ya 200,000 wamerejea tangu mwaka 2017. Wengi walipovuka Kobero au Mugina na mizigo yao, walikuta hukumu imewatangulia kijijini.

Abasangwa, yaani wale waliobaki nchini, walisema abahungutse ni wakali na wanapenda kesi. Walituita "Waswahili", neno ambalo kwetu mara nyingi humaanisha mjanja asiyeaminika. Sisi tuliorudi nasi hatukukaa kimya. Tulisema wenyeji ni wasiri na kwamba hawakwambii jambo waziwazi hata ukikesha nao.

Ukizisikiliza vizuri kauli hizo, utaona kila upande ulikuwa unataja tabia ya kuzaliwa. Lakini tuangalie hali halisi. Anayeitwa mpenda kesi amekuta shamba la baba yake likilimwa na watu wengine tangu mwaka 1972. Atakwenda wapi kama si barazani? Na anayeitwa msiri alikuwa hapa vita vilipoanza mwaka 1993. Alijifunza kuwa neno moja likimfikia mtu asiyefaa linaweza kumaliza familia.

Kosa hili la kuona tabia pale palipo na mazingira linajulikana sana kwa wataalamu wa saikolojia. Mwaka 1977 Mmarekani Lee Ross alilipa jina na kulitaja kuwa kosa la msingi katika namna tunavyowaelewa wenzetu. Mimi nikichelewa, sababu ni gari. Wewe ukichelewa, sababu ni uvivu wako.

Kuhusu aina za watu, wengi wamewahi kusikia habari za vipimo vinavyompa mtu herufi nne. Msingi wake ni kitabu cha Mswisi Carl Jung kilichotoka mwaka 1921. Baadaye mama na binti yake nchini Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, walikitumia kuwagawa watu katika makundi 16.

Katika kipimo hicho, kundi moja huitwa la "wenye kuhukumu", na hapo ndipo wengi hupotea. Maana yake si kwamba watu hao hulaumu wenzao. Maana yake ni kwamba wanapenda mambo yaamuliwe, ratiba ijulikane na kazi iishe. Wenzao wa upande wa pili hupenda kuacha mlango wazi mpaka dakika ya mwisho.

Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa tofauti hiyo kuliko mtu yeyote. Mama anayenunua mchele upande wa Tanzania hana muda wa kufikiri siku tatu. Analitazama gunia, anapima kwa mkono, anauliza bei ya fedha siku hiyo na kuamua papo hapo. Asipoamua, gari linaondoka. Huyo ni mwepesi wa kuamua, lakini hajamhukumu mtu.

Anamhukumu mtu pale anapomnyima mteja mali kauli kwa sababu tu ametoka kambini, wakati mwingine anayedaiwa tangu mwaka jana anaongezewa mzigo kwa kuwa ni wa kilima kimoja naye. Hapo hasara ni ya kwake mwenyewe.

Aidha, vipimo vya herufi nne vina udhaifu. Sehemu kubwa ya watu wanaovirudia baada ya majuma machache hujikuta katika kundi jingine. Ndiyo maana watafiti wengi leo hutumia kipimo cha sifa tano, ambacho hakimweki mtu kwenye sanduku bali humpima kwa viwango, kama kipimajoto. Moja ya sifa hizo ni uwazi kwa mambo mapya, na nyingine ni upole kwa wenzako. Tafiti zimeonyesha kuwa walio chini katika sifa hizo mbili huelekea zaidi kuwa na chuki dhidi ya makundi mengine.

Kwa hiyo, ndiyo, maumbile yana sehemu yake. Hata hivyo, si yote. Profesa Arie Kruglanski wa Marekani amechunguza kwa miaka mingi hamu ya binadamu ya kupata jibu haraka na kulishikilia. Watu wanatofautiana katika hamu hiyo, lakini kelele, uchovu na kubanwa na muda huipandisha kwa mtu yeyote. Yaani hata mtu mwenye moyo mpana, mweke kwenye foleni ya forodha tangu alfajiri, juani, na mtoto mgongoni, naye atahukumu.

Sisi walimu tunaliona hilo darasani. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili katika makazi ya Ulyankulu au Mishamo alipofika hapa alikuta masomo ni kwa Kifaransa. Akinyamaza, mwalimu mwenye wanafunzi wengi na kipindi kifupi huandika kwamba ni mzito. Nilimfundisha mmoja wa namna hiyo. Siku alipoulizwa hesabu ileile kwa Kiswahili, alijibu kabla chaki haijatua. Alichokikosa ni lugha, na neno "mzito" lingeweza kumtoa shule.

Je, tufanye nini? Kwanza, tukitaje kitendo, tusimtaje mtu. "Hakulipa mwezi huu" ni jambo linaloweza kuulizwa sababu. "Ni mwizi" hufunga mazungumzo.

Pili, tuamue haraka kuhusu mizigo, bei na ratiba, lakini hukumu juu ya mtu isitolewe jioni tukiwa tumechoka. Ilale hadi asubuhi.

Tatu, tufanye kazi pamoja. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba makundi yanayokutana yakiwa na hadhi sawa na lengo moja hupunguziana chuki. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliokusanya tafiti zaidi ya 500 ulimuunga mkono. Kikundi cha kuweka na kukopa chenye msangwa na aliyehunguka, wote wakiweka kiasi kilekile kila wiki, kinatimiza masharti hayo bila hotuba yoyote.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ili mwenyeji apone, lazima kwanza amwache mgeni aseme yeye ni nani, na mgeni naye ampe mwenyeji nafasi hiyohiyo.