MADARAKA YA KIJIJI CHENU NI YAPI?



Bwana Shamba huulizwa maswali mengi. Mengine hayahusu mbegu wala mbolea. Wakulima huuliza, "Nani ana ruhusa ya kugawa ardhi ya kijiji chetu?" Au huuliza, "Kati ya Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi, twende kwa nani?"

Haya ni maswali ya maana. Mtu asiyejua madaraka yako wapi hupiga hodi kwenye mlango usiohusika. Hurudi nyumbani mikono mitupu. Tena anaweza kupoteza haki yake bila kujua. Basi leo tutazame jinsi madaraka yalivyogawanywa katika Tanzania Bara.

SERIKALI KUU

Serikali Kuu inaongozwa na Rais. Bunge ndilo linalotunga sheria za nchi. Ulinzi, uraia na mambo ya nje ni kazi za Serikali ya Muungano. Hizo zinahusu Bara na Zanzibar pia. Lakini kilimo si jambo la Muungano. Ndiyo maana Zanzibar ina wizara yake ya kilimo, chini ya Serikali ya Mapinduzi.

Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Hao ni mkono wa Serikali Kuu huku mikoani na wilayani. Hawachaguliwi kwa kura.

HALMASHAURI YA WILAYA

Halmashauri ya Wilaya ni serikali ya mitaa. Wananchi wa kila kata humchagua diwani wao. Madiwani hukutana, hupanga maendeleo ya wilaya, na hupitisha matumizi ya fedha. Mkurugenzi ndiye mkuu wa watumishi wa Halmashauri. Yeye huteuliwa na Rais, lakini kazi yake ni kutekeleza maamuzi ya Halmashauri.

Shule za msingi, zahanati, masoko na huduma za ugani ziko chini ya Halmashauri. Kwa hiyo ukiona kijiji hakina Bwana Shamba au Bibi Shamba, mwambie diwani wako alifikishe jambo hilo kwenye kikao.

KIJIJI

Kijiji nacho kina serikali yake. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Robo yao au zaidi ni lazima wawe wanawake. Lakini mwenye kauli kubwa kijijini si mwenyekiti, wala si Mtendaji. Ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wewe unayesoma gazeti hili ni mmoja wao.

TULIKOTOKA

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Kazi zao zilichukuliwa na maofisa wa Serikali Kuu katika mpango wa Madaraka Mikoani. Wananchi wakakosa chombo chao cha kuamua mambo ya wilaya. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria za kurudisha serikali za mitaa, na halmashauri zilianza kazi tena mwaka 1984. Baadaye Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Leo serikali za mitaa zimetajwa katika Katiba, Ibara ya 145 na 146.

NANI ANAAMUA JUU YA ARDHI?

Tuchukue mfano. Mgeni anafika kijijini. Anataka ekari 300. Anaonana na viongozi wawili watatu, nao wanamgongea mhuri kwenye karatasi. Je, ardhi imekuwa yake?

Hapana. Mhuri hautoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji ni msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Ni mdhamini tu, mwenye mali siye. Haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali.

Hata hivyo, madaraka ya kijiji yana mpaka. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Katika uhamisho huo, eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, wanakijiji hutoa maoni yao, na Waziri wa ardhi ndiye anayeamua. Hekta 250 ni zaidi ya ekari 600. Lakini ardhi haihamishwi mpaka fidia imekubaliwa: ni kiasi gani, na italipwa lini.

SHERIA NDOGO

Kijiji kinaweza pia kutunga sheria ndogo. Labda mifugo inaharibu mazao, au watu wanalima kwenye chanzo cha maji. Halmashauri ya Kijiji huandika pendekezo. Mkutano Mkuu hulijadili. Kisha hupelekwa kwa Halmashauri ya Wilaya. Ikikubaliwa huko, inakuwa sheria. Lakini sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya nchi.

FEDHA

Halmashauri ya Wilaya hukusanya ushuru wa mazao, lakini kiwango chake huwekwa na sheria ya Bunge. Mwaka 2003 Serikali Kuu ilifuta kodi ya maendeleo iliyotozwa kila mtu mzima. Wananchi walipata nafuu. Lakini halmashauri zilizidi kutegemea fedha za Hazina. Na anayetoa fedha huwa na sauti. Hili tulikumbuke.

FANYENI HIVI

Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Nendeni, wanaume kwa wanawake. Ombeni kusomewa mapato na matumizi. Ulizeni ni ardhi gani imegawiwa, na kwa nani. Hakikisheni maamuzi yameandikwa katika kitabu cha mihtasari, kisha yasomwe kwa sauti. Sasa mnajua kusoma. Someni wenyewe pia.

Madaraka ya kijiji hayatumiki mkiwa mmekaa nyumbani. Msipokwenda mkutanoni, wachache wataamua kwa niaba yenu. Asiyekuwapo na lake halipo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkutano Mkuu wa kijiji chetu ulifanyika lini mara ya mwisho?
2. Nani alisoma mapato na matumizi?
3. Kijiji chetu kinahitaji sheria ndogo gani?