UPEPO WA KUSI: KWA NINI BAHARI HUCHAFUKA NA MVUA HUNYESHA PWANI

Kila mwaka, mnamo mwezi wa Aprili, watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe huona mageuzi makubwa angani na baharini. Upepo wa Kaskazi, uliovuma tangu Desemba, hulegea na kukoma. Kwa majuma machache pepo hugeukageuka bila mpango. Wanamaji huyaita majira hayo maleleji. Kisha Kusi huingia. Mawimbi hupasuka meupe juu ya mwamba, mvua ya masika humwagika usiku kucha, na mvuvi aliyezoea kutoka nje ya mwamba kila siku hulazimika kufikiri mara mbili kabla ya kushusha mashua yake majini.

Watu wengi huuliza: Upepo huo watoka wapi? Kwa nini huleta mvua, na Kaskazi hukausha nchi? Tena mtu awezaje kujua siku ya kutoka na siku ya kukaa? Maswali haya si ya wasomi peke yao. Majibu yake yaweza kuokoa roho za watu.

Asili ya Kusi

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba majira hayafanani kila mahali duniani. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo watu wa pwani huiita kipupwe, ndiyo miezi ya baridi katika nchi zilizo kusini sana, kama vile Afrika Kusini. Wakati huohuo Bara Arabu na Bara Hindi huwaka joto.

Hewa ya baridi ni nzito, na hewa ya moto ni nyepesi. Basi hewa nzito hujikusanya kusini ya Bahari ya Hindi, pande za mbali kupita visiwa vya Mauritius na Réunion, nayo hujisukuma kwenda kaskazini kulikopungua uzito. Mwendo huo wa hewa ndio Kusi. Mtu wa Likoni anapojifunika shuka usiku wa Julai, baridi anayoisikia ni pumzi ya majira ya baridi yaliyo mbali sana upande wa kusini.

Ifikapo Desemba mambo hugeuka. Nchi za Asia hupoa, nchi za kusini hupata joto, na upepo hurudi kwa njia ya Kaskazi. Ndizo pepo mbili zilizoendesha majahazi baina ya Arabuni, Bara Hindi na Mombasa kwa karne nyingi kabla ya meli za moshi.

Jinsi upepo unavyochota maji

Kila mpishi wa wali amekwisha kuona jambo hili jikoni. Maji yakipata moto, mvuke hupanda. Mvuke ukigusa kifuniko, hugeuka matone. Bahari ya Hindi ni kama sufuria kubwa isiyoondolewa motoni. Kusi hupita juu ya maji hayo ya uvuguvugu maelfu ya maili, na njia nzima hunywa mvuke.

Ufikapo pwani, upepo hukutana na miti, nyumba na vilima. Mwendo wake hupungua, na hewa inayokuja nyuma huusukuma, hata hewa hurundikana na kupanda juu. Huko juu kuna baridi. Ndicho kifuniko cha sufuria. Mvuke hugeuka matone, na matone huwa mvua.

Kwa sababu hiyo Mombasa hupata mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, yaani inchi 40 na kitu, na mwezi wa Mei kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kupita yote. Nyuma ya Likoni, Milima ya Shimba huuinua upepo juu zaidi, nayo hupata mvua na ukungu. Lakini msafiri aondokaye Changamwe kwenda bara huona minazi na miembe ikipungua upesi. Akiisha kupita Mariakani huingia katika vichaka vya miiba vya Taru. Voi, iliyo yapata maili 95 kutoka pwani, hupata kama nusu tu ya mvua ya Mombasa. Upepo umekwisha kuutua mzigo wake mkubwa karibu na maji.

Kaskazi nao hupita baharini, lakini hutoka katika nchi kavu za Bara Arabu na huenda karibu sambamba na pwani, usiipande nchi kwa nguvu kama Kusi. Ndiyo sababu Januari na Februari huwa miezi ya ukame na anga safi.

Theluji inayotoka ziwani

Kazi hiyohiyo ya upepo na maji hufanyika katika nchi za mbali, ila huko maji hayaanguki kama mvua. Katika mpaka wa Marekani na Kanada yako maziwa makuu matano. Mwezi wa Novemba upepo mkavu wenye baridi kali hushuka kutoka Kanada na kupita juu ya maziwa ambayo maji yake bado yana joto la siku za kiangazi. Upepo hunywa mvuke, na ufikapo ng'ambo huutua. Kwa kuwa hewa ni ya baridi mno, mvuke huganda na kuanguka kama theluji, iliyo nyeupe na nyepesi kama pamba.

Ajabu ya theluji hiyo ni kwamba huanguka katika ukanda mwembamba. Novemba 2014, karibu na mji wa Buffalo kando ya Ziwa Erie, vitongoji vingine vilifunikwa na theluji ya kina cha futi 5 na zaidi, na watu wengine walikwama katika magari yao barabarani. Maili chache tu upande wa kaskazini, theluji ilikuwa kidogo. Ni kama mvua ya Mombasa na ukavu wa Taru, ila umbali wake ni mfupi zaidi.

Upepo huo huua. Tarehe 10 Novemba, 1975, meli kubwa ya mizigo iitwayo Edmund Fitzgerald ilikuwa ikivuka Ziwa Superior. Urefu wake ulikuwa futi 729, nayo ilichukua yapata tani 26,000 za mawe ya chuma. Dhoruba iliinua mawimbi makubwa, na theluji ikapiga hata meli iliyoifuata nyuma, iitwayo Arthur M. Anderson, haikuweza kuiona katika chombo chake cha rada. Theluji ilipopungua, Edmund Fitzgerald haikuwapo tena. Watu wote 29 waliokuwamo walizama. Ikiwa meli kama hiyo yaweza kumezwa na maji ya ziwa, mashua ya mbao ya futi 20 haina budi kuheshimu upepo.

Dhoruba za usiku katika Ziwa Victoria

Wafanya kazi wengi wa Changamwe na Mikindani wana jamaa zao Nyanza, kandokando ya Ziwa Victoria. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na tangu siku hizo watu wa bahari na watu wa ziwa wamekuwa majirani. Basi ni vema ijulikane kwamba ziwa lina desturi yake.

Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Kwa hiyo mawingu hujengeka alasiri juu ya vilima, na nchi ya Kericho na Nandi hujulikana sana kwa mvua ya mawe. Usiku nchi kavu hupoa, lakini maji hubaki na joto lake. Upepo hutoka pande zote za ufuko na kukutana katikati ya ziwa. Hewa iliyojaa mvuke haina pa kwenda ila juu. Na hapo huzaliwa ngurumo, umeme na dhoruba za ghafula, mara nyingi usiku wa manane au karibu na alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo wavuvi wa dagaa na taa zao huwa majini. Wengi wamepoteza maisha kwa ajili hiyo. Kuanzia 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilishirikiana na nchi za Afrika Mashariki kutengeneza taarifa za tahadhari kwa wavuvi wa ziwa hilo.

Utulivu wa asubuhi si ahadi

Katika pwani ya Mombasa, hatari ya Kusi ina werevu wake. Usiku na alfajiri upepo wa nchi kavu, uitwao umande, hutoka bara polepole na kuuzuia Kusi kidogo karibu na ufuko. Mvuvi wa Likoni au wa Kisauni huamka, akatazama maji, akayaona yametulia. Nyumbani hakuna unga, watoto wanangoja. Humwambia mwenziwe, "Bahari ni shwari, twende." Wakapita mlango wa mwamba bila taabu.

Lakini jua likipanda, nchi kavu hupata moto, umande hufa, na upepo wa baharini huongeza nguvu ya Kusi. Mchana mawimbi huwa makubwa kuliko yale ya alfajiri. Mlango uliopitika saa kumi na mbili asubuhi huwa povu tupu saa saba mchana, na mashua iliyo nje haina pa kuingilia.

Kuna jambo la pili. Mkondo wa bahari nje ya mwamba huelekea kaskazini, na wakati wa Kusi hukimbia zaidi. Chombo kilichoharibika mashine mbele ya Likoni hakisubiri hapo. Huchukuliwa kuelekea Kilifi na Malindi, na kila saa ipitayo humtenga mvuvi na watu wamtafutao.

La tatu ni maji ya bamvua. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka yapata futi 12. Maji yanapotoka kwa kasi katika Kilindini na katika mkono wa bahari wa Tudor, yakakutana na Kusi uso kwa uso, mawimbi husimama wima kama ukuta. Mitumbwi midogo yapasa kukaa mbali na midomo hiyo saa za maji kupwa.

Tena isisemwe kwamba tufani haziijui pwani hii. Mombasa iko karibu na mstari wa Ikweta, na kwa kawaida tufani hupita mbali kusini. Hata hivyo tarehe 15 Aprili, 1872, tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na wavuvi wa Kenya walionywa wasitoke.

Mambo ya kufanya

Kwanza, mvuvi asikilize taarifa za hali ya hewa. Kazi ya kupima pepo na mvua katika Afrika Mashariki ilipangwa chini ya idara moja tangu 1929. Ushirikiano wa nchi hizi ulipovunjika mwaka 1977, Kenya ikawa na idara yake yenyewe. Vipimo huchukuliwa pia katika uwanja wa ndege wa Mombasa, upande wa Changamwe. Idara inapotangaza kwamba upepo utapita kilomita 46 kwa saa, na mawimbi yatapita mita 2, tangazo hilo halikutolewa kuwatisha watu. Maana yake ni kwamba chombo kidogo kikae ufukoni.

Pili, katika miezi ya Kusi kazi ifanywe ndani ya mwamba na katika mikono ya bahari, kwa malema na mishipi, na mvuvi arudi kabla ya jua kuwa kali. Atakayetoka nje ya mwamba amwambie mtu wa ufukoni anakokwenda na saa atakayorudi.

Tatu, kila mtu chomboni awe na koti la kuelea, na chombo kisipakiwe kupita kiasi. Makasia na tanga viwemo hata kama kuna mashine, kwa maana mashine huzima mahali pabaya.

Nne, akiba iwekwe wakati wa Kaskazi, bahari inapokuwa shwari na samaki ni wengi. Jambo hili ndilo gumu kuliko yote, lakini ndilo shina la mengine. Mvuvi mwenye akiba kidogo katika kikundi cha ufuko wake aweza kukaa nyumbani siku mbaya, akashona nyavu na kuziba mashua kwa kalafati. Asiye na akiba husukumwa na njaa, na njaa haijui kusoma mawingu.

Wazee wa pwani walijua mengi ya haya kabla ya vipimo na rada. Waliyasoma katika nyota, katika rangi ya mawingu na katika sauti ya mwamba usiku. Elimu ya leo haikuja kuifuta elimu yao. Yaeleza tu sababu ya yale waliyoyaona. Nao walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mwenye mashua kubwa na mashine mbili akitoka siku ya Kusi, hiyo ni nyota yake. Mwenye mtumbwi autazame upepo kwa macho yake mwenyewe, asikilize tahadhari, na akumbuke kwamba samaki wa leo wakimkosa, wa kesho wangali baharini.