Urithi na Ukopaji: Namna Bakteria Wenzi Wanavyoenea Miongoni mwa Kupe na Papasi

1. Utangulizi

Husemwa mara nyingi katika kumbi zetu za masomo kwamba Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya muziki, ilhali sayansi yafaa iachiwe Kifaransa. Makala haya hayakusudii kulijibu dai hilo kwa hoja za siasa ya lugha. Yanakusudia kueleza kwa Kiswahili jambo moja la biolojia, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kumwachia msomaji apime mwenyewe. Jambo lenyewe ni hili: ndani ya mwili wa kupe huishi bakteria wasiomdhuru, bali wanaomfaa. Je, bakteria hao hufikaje kutoka kupe mmoja hadi mwingine?

Tumelichagua swali hilo kwa sababu mbili. Kwanza, linaigusa nchi yetu, hasa upande wa mashariki, kama itakavyoonekana. Pili, mbinu waliyoitumia wanabiolojia kulijibu yafanana sana na ile tunayoitumia sisi wanaisimu tunapochunguza asili ya maneno.

2. Istilahi

Kiswahili sanifu hutofautisha kupe na papasi. Kupe ana gamba gumu mgongoni, naye hung'ang'ania ngozi ya ng'ombe, mbwa au mnyama wa porini kwa siku kadhaa akinyonya damu. Papasi ana ngozi laini yenye mikunjo. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, humnyonya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Papasi wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Ornithodoros moubata, anajulikana pia hapa Kongo kwa jina la kimputu. Wote hao si wadudu kwa maana halisi ya sayansi: ni jamaa wa buibui, na wakishakua huwa na miguu 8.

Bakteria tunaowazungumzia tutawaita bakteria wenzi, kwa kuwa mwenzi ni yule mnayeshirikiana naye maisha. Tunawatenga na vimelea, yaani viumbe vinavyoishi kwa hasara ya mwenyeji wao. Vilevile tutatenga vitenzi viwili. Kuambukiza ni kitenzi kilichozoea kubeba ugonjwa. Bakteria mwenzi anapopita kutoka kwa mama hadi kwa mwana, haifai kusema kwamba mwana ameambukizwa; amerithi. Tofauti hiyo si ya mapambo, kwani ndiyo kiini cha maelezo yanayofuata.

3. Sababu ya ushirika

Kupe hula damu tu, tangu kuanguliwa hadi kufa. Damu ina protini na chuma kwa wingi, lakini ina upungufu wa vitamini za kundi B, na kupe hana uwezo wa kujitengenezea vitamini hizo. Bakteria wa jenasi Coxiella na Francisella, wanaoishi ndani ya seli zake, ndio wanaomtengenezea, hasa biotini, riboflavini na asidi ya foliki.

Mwaka 2018 Olivier Duron wa Ufaransa na wenzake walichapisha jaribio walilomfanyia papasi huyuhuyu wa Kiafrika. Walipomwondolea bakteria wa Francisella kwa antibiotiki, ukuaji wake ulikwama. Walipomwongezea vitamini za B, ukuaji ulirejea. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bakteria huyu alishikishwa jembe zamani sana, na hadi leo mwenyeji wake hawezi kulima bila yeye.

4. Njia ya kwanza: urithi

Njia kuu ya uenezi ni yai. Bakteria wenzi hukusanyika hasa katika viungo viwili vya kupe jike: ovari, na mirija ya Malpighi inayotoa taka mwilini. Mayai yanapokua ndani ya ovari, bakteria huyaingia. Hivyo mtoto wa kupe huanguliwa akiwa tayari na akiba yake, kabla hajaonja tone la damu. Kupe jike mmoja wa jamii ya magamba magumu aweza kutaga maelfu ya mayai. Bakteria basi huenea kwa kadiri ukoo wa mwenyeji unavyoenea, wala hawahitaji kupe mmoja amguse mwingine.

Kutokana na njia hiyo yanafuata mambo matatu. La kwanza, dume ni mwisho wa safari, kwa sababu hatagi mayai. Katika kupe wa Ulaya aitwaye Ixodes ricinus yumo bakteria wa jina la Midichloria mitochondrii, ambaye huishi hata ndani ya mitokondria za seli. Bakteria huyo hupatikana kwa majike karibu wote, lakini hukosekana kwa madume wengi.

La pili, maslahi ya pande mbili yamefungwa pamoja. Bakteria anayemdhoofisha mama hupunguza mayai, na kwa kupunguza mayai hujikatia njia yake mwenyewe. Kwa hiyo urithi hupendelea upole.

La tatu, bakteria aliyezoea kurithiwa hupoteza pole pole jeni asizozihitaji tena, hadi asiweze kuishi nje ya mwenyeji wake. Kinachobaki mara nyingi ni zile jeni zinazolipa kodi ya nyumba, na miongoni mwake ni jeni za kutengeneza vitamini.

5. Njia ya pili: ukopaji

Hapa ndipo kazi ya mwanabiolojia inapokutana na yetu. Tukilinganisha neno mtu la Kiswahili, muntu la Kikongo na moto la Kilingala, twasema kwamba lugha hizo zimelirithi kutoka kwa mama mmoja. Lakini meza ya Kiswahili na mesa ya Kilingala hazithibitishi undugu wowote, kwa kuwa zote zimetoka katika Kireno. Urithi hufuata matawi ya ukoo; mkopo huruka kutoka tawi hadi tawi.

Wanabiolojia huchora miti miwili ya nasaba, mmoja wa kupe na mmoja wa bakteria wao, kisha huilinganisha. Kama urithi ungekuwa njia pekee, miti hiyo ingelingana tawi kwa tawi. Miongoni mwa kupe walio ndugu wa karibu, mara nyingi hulingana. Lakini tukipanda kuelekea shina, twakuta kupe walio ndugu wenye bakteria wasiohusiana, na kupe wa mbali wenye bakteria wanaofanana sana. Katika baadhi ya kupe wa jenasi Amblyomma, Francisella amechukua nafasi iliyokuwa ya Coxiella, kama vile neno la kukopa linavyoweza kulisukuma nje neno la asili. Mikopo hiyo ni nadra ikilinganishwa na urithi wa kila kizazi, lakini katika mamilioni ya miaka hata jambo la nadra huacha alama.

Njia inayodhaniwa zaidi ni ya kula pamoja. Kupe wa spishi mbalimbali hujibana mahali pamoja kwenye sikio la mnyama mmoja, na mate ya mmoja yaweza kuacha bakteria katika ngozi au damu atakayoinyonya jirani yake.

Hata hivyo yatupasa tahadhari, kwani si kila kigeni ni mkopo. Kwa muda fulani bakteria Wolbachia aliyeonekana katika Ixodes ricinus alihesabiwa kuwa wa kupe. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba alikuwa wa nyigu mdogo, Ixodiphagus hookeri, ambaye hutaga mayai yake ndani ya mwili wa kupe. Ndivyo ilivyo kwa neno la Kifaransa kinywani mwa msemaji wa Lubumbashi: huenda limekopwa na lugha, huenda limepita tu katika mchanganyo wa papo hapo.

6. Mpaka kati ya mwenzi na kimelea

Njia ya yai haitumiwi na bakteria wapole peke yao. Mwaka 1903 madaktari Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd walifika katika Dola Huru ya Kongo wakitumwa na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool. Walionyesha kwamba homa ya papasi huletwa na kimputu, na kwamba hata papasi wachanga, waliotoka katika mayai ya mama mwenye vimelea, waliweza kuupitisha ugonjwa. Wote wawili walishikwa na homa hiyo. Dutton alifariki Kasongo, katika Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliviona vimelea ndani ya mayai ya papasi. Kimelea hicho sasa kinaitwa Borrelia duttonii.

Isitoshe, mpaka wenyewe huvukwa pande zote mbili. Francisella wa kupe ametokana na mababu waliokuwa vimelea vya wanyama. Coxiella burnetii, asababishaye homa ya Q kwa mifugo na binadamu, amekwenda kinyume: utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ametokana na bakteria wenzi wa kupe.

7. Hitimisho

Bakteria wenzi huenea miongoni mwa kupe kwa kurithiwa katika kila kizazi, na kwa kukopwa mara chache. Anayewaeleza wanakijiji wa Maniema au Kivu juu ya homa ya papasi kwa kitenzi kuambukiza pekee atawafanya wadhani kwamba papasi asiyemnyonya mgonjwa hana hatari. Akiongeza kitenzi kurithi, wataelewa mara moja kwa nini nyufa za nyumba zapaswa kuzibwa hata pale ambapo mgonjwa hayumo. Kwa hiyo twapendekeza kwa wenzetu wa vitivo vya Sayansi na Tiba istilahi mbili: urithishaji, kwa njia ya yai, na ukopaji, kwa njia ya kula pamoja. Wazijaribu katika mafundisho yao, nasi tutafurahi kupokea masahihisho yao.